Siku Tuliyoshangilia Kifua Kikuu

Katika miaka ya hamsini nilikuwa dresa katika zahanati ya serikali, upande wa Msambweni. Dresa wakati ule alikuwa mtu wa kila kazi. Nilifunga vidonda, nilichoma sindano, niliandika daftari la wagonjwa, na daktari alipotujia mara moja kwa wiki, mimi ndimi niliyekuwa ulimi wake, kwani yeye alisema Kiingereza na wagonjwa walisema Kidigo na Kiswahili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nimeoa karibuni, na kwa ile kaptula nyeupe na soksi zilizofika magotini nilijiona mtu mkubwa.

Siku moja dresa mkuu, mzee mpole aliyenifundisha kazi, aliniita akaniambia kuwa kuna lori linakuja kutoka Mombasa. Ndani yake mna mashine ya eksirei, na nyuma yake linavuta jenereta. Litapiga kila mtu mzima picha ya kifua, mgonjwa na mzima, bila kubagua. Nikamuuliza, mzima apigwe picha ya nini? Akaniambia, "Kifua kikuu huanza kimyakimya. Mtu anaposikia kuwa anaumwa, kimeshajenga nyumba. Hao wanataka kukikuta kingali kinatafuta kiwanja."

Akanipa baiskeli ya zahanati na wiki mbili za kutangulia kijiji kwa kijiji, kuanzia Msambweni mpaka karibu na Diani, niwaombe watu wajitokeze.

Haikuwa kazi nyepesi. Watu wa pwani wa wakati ule walikuwa na khofu ya mumiani, yaani wanyonya damu, ambao ilisemekana huzunguka na magari ya serikali. Gari lolote lililofunikwa nyuma lilishukiwa. Katika kijiji kimoja bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika tama, kisha akaniuliza:

"Hilo gari lina mpira wa kuvutia damu?"

"Halina, bibi. Lina taa tu."

"Taa ya kumulika nini?"

"Kifua."

"Na kifua changu kina nini hata wao wakione mimi nisikione?"

Nikamwahidi kwamba mimi nitakuwa wa kwanza kuingia, mbele ya macho ya watu, na nikitoka sina damu basi wao warudi makwao. Ahadi hiyo niliirudia kila kijiji, na ilisaidia kuliko maneno yote ya kitabibu niliyokuwa nimeyakariri.

Lakini palikuwa na swali moja ambalo kila nilipofika liliniuma. Mtu fulani nyuma ya wengine angesema, "Na babako? Yeye atapigwa picha?" Wote wangecheka, kwa kuwa walimjua babangu.

Babangu alikuwa mchoma chokaa. Tanuri lake lilikuwa maili tano kutoka zahanati, karibu na ufuo. Alipanga magogo duara, juu yake akapanga mawe ya matumbawe, akayachoma siku nyingi mpaka yakawa meupe na mepesi, kisha akayamwagia maji yakapasuka yakawa unga. Nyumba nyingi za mawe za upande wetu zilipakwa chokaa yake. Moshi na vumbi vilikuwa hewa yake tangu ujanani, na juu ya hayo alivuta sigara, moja ikizimika anawasha nyingine. Alikuwa na kikohozi ambacho sisi watoto tulikizoea kama watu wanavyozoea mlango unaolia. Tulijua amefika nyumbani kwa kukisikia njiani.

Nilikwenda kwake jioni moja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamweleza habari za lori. Aliniacha nimalize.

"Mwanangu," akasema, "kikohozi changu nakijua. Ni chokaa. Chokaa imenilea, ikanioza mke, ikakusomesha wewe ukavaa hizo soksi. Leo niende nikaishitaki kwa Wazungu?"

"Hakuna mashitaka, baba. Ni picha tu."

"Picha ya ndani ya mtu si picha tu. Ndani ya mtu ni pa Mola wake."

Kubishana na mzazi hatukufundishwa. Nilipokuwa nafungua baiskeli niondoke, mamangu alitoka jikoni akanisindikiza mpaka njiani. Hakusema neno juu ya lori. Aliniuliza tu wanawake wamewekewa saa ngapi.

Lori lilifika Jumatatu, likasimama uwanjani mbele ya zahanati. Jenereta ilipowashwa kuku wote wa jirani walikimbilia vichakani. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, lakini walisimama mbali, kama wanaotazama moto. Mimi nikavua shati, nikapanda ngazi ya nyuma, nikakiegemeza kifua kwenye bamba la baridi. Mpiga picha alikuwa kijana wa bara, Kiswahili chake cha haraka. Akasema, "Vuta pumzi! Zuia! Usitingishike!" Kitu kikalia tak. "Haya, pumua. Kwisha."

Nikashuka nimenyanyua mikono yangu juu watu waione. Yule bibi wa swali la mpira wa damu alikuwapo. Alinisogelea akanifinya mkono, akautazama ukirudi wekundu wake, akasema, "Bado anayo." Watu wakacheka, na foleni ikaanza.

Wanawake walipewa saa za alasiri, na mke wa dresa mkuu alikaa nao ndani ya turubai, akawaambia wabaki na kanga zao, ila wavue mikufu, pini na hirizi zenye madini. Siku ya pili mamangu alikuja. Mimi nilikuwa mezani naandika majina na kuwapa watu vibati vya nambari. Aliniamkia kama mtu mwingine yeyote, kwa heshima ya kazi yangu.

"Niandike mimi," akasema, "na nambari inayonifuata umwandike babako."

"Mama, yeye hajakubali."

"Nimekuambia andika."

"Na asipokuja?"

"Hiyo ni kazi yangu. Yako ni kuandika."

Nikaandika. Nambari yake ikajazwa, na ya pili yake ikabaki jina bila alama mbele yake. Siku ya tatu ikapita. Siku ya nne ikapita. Siku ya tano, Ijumaa, lori lilikuwa liondoke baada ya alasiri. Mpiga picha na wenzake walikuwa wameshaanza kukunja turubai niliposikia kikohozi ninachokijua kikija kutoka barabarani.

Alikuwa ametoka moja kwa moja kazini. Mikono ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko, na nyusi zimejaa unga. Mamangu alikuwa hatua tatu nyuma yake, anatazama pembeni kama mpita njia.

"Nimekuja kwa ajili ya mamako," akaniambia. "Si kwa ajili ya mashine."

Ilichukua mara tatu kumpiga picha. Kila alipoambiwa azuie pumzi, kikohozi kilimshinda. Mara ya kwanza kijana wa bara alichoka, mara ya pili alicheka, mara ya tatu alimshika bega akamwambia kwa upole, "Mzee, kidogo tu, kama unapiga mbizi." Babangu aliwahi kupiga mbizi sana alipokuwa kijana. Akafumba macho, akazuia. Tak.

Filamu zile zilikuwa ndogo, na zilipelekwa Mombasa kusomwa. Wiki tatu baadaye bahasha ilikuja kwa basi la asubuhi. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja yenye nambari za watu ambao wangehitajika kwenda hospitali kubwa kupigwa picha kubwa zaidi. Hapakuwa na majina, nambari tu. Dresa mkuu alinipa nizilinganishe na daftari langu. Nilikwenda nikiteremka kwa kidole, na kabla sijafika katikati nilidhani nimekutana na nambari ya mamangu. Si yake. Ilikuwa inayoifuata, ya babangu.

Nililitazama lile jina nililoliandika kwa mkono wangu, kwa amri ya mamangu, kabla mwenyewe hajakubali. Dresa mkuu alisoma uso wangu. Akaniondolea daftari taratibu, akaniambia, "Waliobaki nitawamaliza mimi. Wewe nenda kwenu."

Nilidhani babangu atakataa kwenda Mombasa. Hakukataa. Alinisikiliza, akaitazama ncha ya sigara yake kwa muda, akasema, "Nilipowapa mlango, nilijua wataingia." Jumatatu yake tukapanda basi, tukavuka kwa feri ya Likoni, tukafika hospitali kabla ya saa tatu.

Baada ya picha kubwa tuliitwa katika chumba cha daktari. Alikuwa Mwingereza mrefu, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alikuwa ameitundika filamu ya babangu mbele ya kisanduku chenye taa. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kifua cha mtu ninayemjua. Mbavu zilionekana kama makuti yaliyosukwa vizuri. Na kule juu upande wa kulia, chini ya mfupa wa bega, palikuwa na kitu. Madaktari walikiita kivuli, lakini kilikuwa cheupe, mviringo, kimekamilika, kiasi cha ndimu.

Daktari alisema nami kwa Kiingereza, kirefu. Alisema mambo mawili yanaweza kufanana na hili. Moja ni kifua kikuu kilichojikusanya mahali pamoja. La pili ni uvimbe, saratani ya pafu, na kwa mtu wa umri huu, mvutaji sigara namna hii, na mviringo namna hii, yeye kwa kweli aliogopa hilo la pili. Likiwa kifua kikuu, dawa zipo siku hizi, na ni nzuri. Likiwa saratani, dawa hakuna. Kuna kupasuliwa kifua na kukata pafu, nayo haifanyiki hapa, na katika umri huu hawezi kuniahidi lolote.

Akaningoja nifasiri.

Nilikuwa nimefasiri mamia ya maneno mabaya kwa watu. Siku ile nilifupisha. Nikasema, "Baba, daktari asema kuna alama. Wataichunguza."

Babangu alimtazama daktari, akanitazama mimi.

"Yeye kasema maneno mengi," akasema, "na wewe umesema machache. Mengine umeyaweka wapi?"

"Baba..."

"Wewe hapa si mwanangu. Wewe hapa ni ulimi. Ulimi haumfichi mtu."

Basi nikamwambia yote, neno kwa neno, la kwanza na la pili. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya magoti. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, nikalifasiri kwa daktari:

"Vipi mtajua ni lipi katika hayo mawili?"

Daktari alivuta kiti akakaa, na nadhani ndipo alipoanza kumheshimu. Akaeleza kuwa watachukua makohozi ya asubuhi tatu, watayatazama kwa darubini. Vijidudu vya kifua kikuu vikionekana, basi jibu limepatikana. Visipoonekana, makohozi yatawekwa katika chupa yenye chakula chao na kutunzwa kwa joto, kama mtu anavyootesha mbegu, na hiyo huchukua wiki sita, pengine nane. Baada ya hapo pasipoota kitu, itabidi tuamini lile jingine.

"Mbegu naijua," akasema babangu. "Mwambie nitangoja."

Wiki ya kwanza jibu la darubini lilikuja: hawakuona kitu. Nikajua maana yake, na yeye akajua. Tukaanza kuzihesabu zile wiki sita.

Sijawahi kuona mtu akingoja namna ile. Hakulia wala hakujilaza kitandani. Alikatazwa tanuri, lakini kila asubuhi alikwenda kukaa upande unaotoka upepo, akiwaelekeza wafanyakazi wake wawili jinsi ya kupanga mawe. Mambo ambayo kwa miaka alikuwa ameyafanya bila kusema, sasa aliyasema yote: jiwe gani linalipuka, gogo gani linawaka polepole, rangi gani ya moshi inakuambia kuwa kazi imeiva. Nilielewa kuwa anaigawa akili yake kabla ya safari. Sigara aliziacha siku tuliyorudi kutoka Mombasa. Alimpa mamangu paketi iliyobaki, akamwambia, "Kama ni yeye aliyeniletea haya, tusikae naye nyumba moja."

Mamangu aliswali sana. Lakini dua yake ilinishangaza. Siku moja baada ya magharibi nilimsikia akiomba, mikono juu, sauti wazi: "Ya Rabi, mpe mume wangu kifua kikuu." Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia. Maradhi ambayo watu walikuwa hawayataji kwa jina, waliyoyaita maradhi yale, mamangu aliyaomba kama mtu anavyoomba mvua. Nami nikaitikia amina.

Wiki ya sita ilipita kimya. Katika wiki ya saba, Jumatano, basi la asubuhi lilileta bahasha. Dresa mkuu aliipokea, akaiweka juu ya meza yangu bila kuifungua, akatoka nje akasimama mlangoni akinipa mgongo. Niliichana vibaya. Karatasi ilikuwa nusu ukurasa, imepigwa chapa. Niliisoma mara ya kwanza sikuelewa, mara ya pili nikaelewa, mara ya tatu nikaisoma kwa sauti. Vimeota. Vijidudu vya kifua kikuu vimeota katika chupa mbili kati ya tatu. Mgonjwa aanze dawa mara moja.

"Mzee!" nikamwita. "Ni kifua kikuu! Ni kifua kikuu!"

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi waliinuka. Mmoja alichukua mtoto wake akatoka. Dresa mkuu alinishika mabega, machozi yanamtoka, akasema, "Chukua baiskeli. Usipite polepole."

Zile maili tano sizikumbuki. Nakumbuka tu kwamba mnyororo ulitoka mara moja nikaurudisha kwa mikono, na kwamba nilifika nyumbani nimejaa grisi mpaka usoni. Babangu alikuwa amekaa barazani anachonga mpini wa jembe. Mamangu alikuwa uani anakuna nazi.

"Baba," nikasema, nikashindwa kuendelea.

Aliweka kisu chini. "Sema yote. Kama siku ile."

"Vimeota. Ni kifua kikuu. Si lile jingine. Unaanza dawa kesho."

Alitazama mikono yake, akaigeuza, kana kwamba imeletwa sasa hivi kutoka mahali. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Alhamdulillahi rabbil alamina," akainama akasujudu pale pale barazani, juu ya vibanzi vya mti aliokuwa akichonga.

Mamangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa nazi. Alipiga kigelegele. Si kimoja. Alipiga vigelegele kama vya siku ya kumwoza mwanawe, virefu, mpaka majirani wakatoka. Jirani yetu mmoja, mama mnene mwenye roho njema, alikuja mbio anajifunga kanga.

"Kuna nini? Kuna harusi? Nani kajifungua?"

"Mume wangu ana kifua kikuu!" mamangu akamwambia, anacheka na kulia.

Yule mama alisimama. Alimtazama mamangu, akanitazama mimi, akatafuta mtu mwenye akili. Nikamweleza. Nilipofika kwenye saratani alijishika kifua. Nilipofika kwenye dawa alifumba macho. Na mwisho, Mungu amrehemu, akatia kidole kinywani, akapiga kigelegele chake.

Sitasema kuwa wote walikuwa kama yeye. Habari ilipotembea, wapo waliobadilisha njia. Pale kahawani alipozoea kukaa, mwenye kahawa alimtengea kikombe chenye ukingo uliopasuka, kisichonywewa na mtu mwingine. Babangu alikipokea kwa mkono wa kulia, akashukuru. "Ana haki," aliniambia. "Hata mimi ningeogopa."

Matibabu yalikuwa ya mwaka na nusu. Miezi ya mwanzo alichomwa sindano kila siku, na mchomaji alikuwa mimi. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini, nilichemsha sindano juu ya stovu, nikamwambia "samahani, baba," naye akajibu kila siku jibu lile lile, "Choma, dresa." Pamoja na sindano alikuwa na vidonge vidogo vyeupe, na vingine vikubwa bapa, vyenye unga mchungu ndani, ambavyo vilimgeuza tumbo. Vile vikubwa ndivyo vilivyokuwa vita. Wagonjwa wengi walivitupa. Mamangu alikaa mbele yake mara tatu kwa siku, na uji wa mchele, na hakuondoka mpaka ameona koo limeshuka na kupanda. Siku moja babangu alijaribu kukificha kimoja shavuni. Mamangu akamwambia, "Fungua." Akafungua kama mtoto.

Wiki za katikati masikio yalimlia, akaanza kuyumba anapotembea. Daktari akapunguza sindano, na hali ile ikatulia. Lakini hata kabla ya hapo mimi nilikuwa nimeshaona jambo. Niliingia nyumbani siku moja nikamkuta amekaa sebuleni, nami sikuwa nimejua kuwa yupo. Sikumsikia. Kile kikohozi nilichozaliwa nikakikuta hakikuwepo tena. Nilisimama hapo mlangoni nikisikiliza kimya chake.

Tulikwenda Mombasa kila baada ya miezi mitatu kupiga picha. Ndimu ikawa kunde, kunde ikawa punje. Mara ya mwisho, mwaka na nusu ulipotimia, daktari yule yule aliitundika filamu ya kwanza na filamu ya siku ile, bega kwa bega, akazima taa ya chumba. Akamwashiria babangu asogee.

Babangu alikaribia mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Palipokuwa na kile kitu pamebaki mstari mwembamba, kama ufa uliozibwa.

"Mwulize, hii yote ni mimi?"

Nikafasiri. Daktari akasema ndiyo, yote ni wewe.

"Na huo mstari?"

"Hilo ni kovu," nikamfasiria. "Asema halitaondoka, na halina madhara. Asema umepona."

Babangu aligeuka akamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa Kiswahili, polepole, ili yule mtu ashike walau sauti yake: "Kule kwetu nyumba ikipata ufa tunaupaka chokaa, na nyumba inaishi. Kazi yako ni safi." Daktari alicheka sana nilipomfasiria. Akasema kwa Kiswahili chake kibovu, "Asante, fundi." Nadhani katika sifa zote alizopata babangu maishani, hiyo aliisimulia kuliko nyingine.

Tanurini hakurudi kuchoma. Daktari alimkataza vumbi, naye alitii, ila aliendelea kukaa upande unaotoka upepo na kuwakaripia wale aliowafundisha. Alilima mihogo na kunde, akapanda mikorosho. Katika watu wa ile karatasi ya nambari, kulikuwa na bwana arusi mmoja, na mama mmoja wa watoto watano, na fundi seremala. Hao nilihudhuria kupona kwao wote watatu. Mwingine mmoja hakupona, kwani alikimbia dawa. Lori liliporudi mwaka mwingine sikuhitaji wiki mbili za baiskeli. Babangu alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda kijiji kwa kijiji kwa miguu yake, akasimama mbele ya watu akagonga kifua kwa ngumi.

"Sikieni mlio," akawaambia. "Mlitazamia kuniona kaburini. Haya, nani anaogopa taa?"

Yule bibi wa swali la mpira wa damu alikuwa amekaa mbele. Akamwuliza, "Na wakikuta kitu?"

"Wakikikuta," akasema babangu, "basi kimekutwa. Ubaya ni kitu kukaa ndani yako nawe humjui mpangaji wako."

Bibi akainuka, akajikung'uta kanga, akasema, "Twende basi, maana jua linapanda." Wanawake wengine wakainuka nyuma yake, na mimi, niliyekuwa nimemsindikiza babangu siku ile, nikawatangulia mbio zahanati nikatafute kalamu ya kuandikia majina yao.